Nani Amelipausha Bwawa la Methusela?

Saa moja asubuhi, kijiji cha Yakobi kilikuwa bado kimejifunika ukungu. Tabea alikuwa jikoni akichemsha chai. Mumewe, Methusela, alikuwa nyuma ya nyumba akikoroga bwawa kwa ufagio. Ufagio huo ulikuwa haujawahi kufagia kitu tangu ununuliwe. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukoroga.

Mabwawa yalikuwa mawili. Kila moja lilikuwa kubwa kama vitanda viwili vilivyounganishwa, na kina chake hakikuzidi shubiri moja. Chini yalitandikwa nailoni nene. Juu yalikuwa na paa la nailoni angavu, la kuzuia mvua na vumbi. Ndani yake uliishi mwani mdogo uitwao spirulina. Ni mdogo mno, hata mmoja peke yake huwezi kuuona kwa macho. Ukiwa maelfu kwa maelfu, maji hugeuka kijani.

Methusela aliulisha magadi na chumvi alizofundishwa kwenye semina. Ulipokuwa mzito, aliuchuja kwa kitambaa, akaukamua, akaukausha na kuusaga. Unga wake una protini nyingi. Bi Esha, mfanyabiashara wa Makambako, aliununua na kuuchanganya kidogo kidogo kwenye unga wa uji wa lishe.

Juni na Julai mambo yalikwenda vizuri. Unga ulitoka wa kijani kizito, kama mnafu uliopikwa. Methusela alianza kutembea katikati ya barabara.

Kisha ikaja Septemba. Ukungu ulikuwa ukiondoka mapema. Baada ya chai, jua liliwaka juu ya Njombe bila wingu hata moja. Bwawa la kwanza likaanza kupauka. Likawa kama majani ya mahindi yaliyokosa mbolea. Bwawa la pili, lililokuwa chini ya mikaratusi, lilibaki kijani.

Methusela alilitazama bwawa la kwanza kwa muda mrefu.

"Kuna mtu," alisema.

"Mtu gani?" Tabea aliuliza kutoka jikoni.

"Bado sijajua. Lakini yupo."

Ijumaa alipeleka mfuko wa unga Makambako. Duka la Bi Esha lilikuwa karibu na soko, limejaa magunia ya pumba, mashudu na dagaa. Bi Esha alifungua mfuko. Alichukua unga kidogo, akautia kwenye glasi ya maji, akaishika glasi mbele ya mwanga wa mlangoni. Akakoroga. Akatazama tena.

"Mzee Methusela, hii ni nini?"

"Ni ile ile, Bi Esha."

"Ile ile ilikuwa kijani cha kuogopesha. Huu ni unga wa mahindi uliotembelewa na mchicha."

"Sijachanganya kitu."

"Wote wanaochanganya husema hivyo."

"Na wasiochanganya husemaje?"

Bi Esha alifikiri kidogo. "Na wao husema hivyo. Ndiyo maana siwezi kukuamini kwa maneno." Akaufunga mfuko na kumrudishia. "Sikiliza. Mama akija hapa na mtoto mgongoni, ananiuliza ndani ya unga huu kuna nini. Nakutaja wewe. Namwambia, hiki ni cha Methusela wa Yakobi, mtu mkweli. Mtoto anakula kwa jina lako. Sasa nimwambie nini?"

Methusela aliupokea mfuko.

"Ijumaa ijayo nakuja kwako mwenyewe," Bi Esha alisema. "Nikikuta unachanganya, jina lako nitalitangaza soko zima."

Methusela alirudi nyumbani na mfuko wake mapajani. Njia nzima hakuona msitu wala mashamba ya chai. Aliliona jina lake tu, likipita kutoka meza hadi meza sokoni Makambako.

Sasa ni lazima ijulikane kwamba Methusela hakuwa mgeni katika upelelezi. Alikuwa amelinda kiwanda cha mbao kwa miaka kumi na moja. Katika miaka yote hiyo hakuna mbao zilizoibwa, isipokuwa zile zilizoibwa. Jioni hiyo alichukua daftari, akapiga mstari katikati, akaandika juu yake: WASHUKIWA.

Wa kwanza alikuwa muuza magadi. Huenda alimuuzia magadi yaliyochacha.

Wa pili alikuwa Bi Esha mwenyewe. Huenda alitaka kumchafulia jina ili apate unga kwa bei ya chini.

Wa tatu walikuwa bata wa Mzee Brayson, mwenyekiti wa jumuiya ya sala ya mtaa. Walikuwa na tabia ya kuingia popote bila hodi.

Wa nne alikuwa Justine, jirani.

Justine alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi upande wa pili wa ua. Walikuwa majirani kwa miaka kumi na mitano. Lakini tangu Mei walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu. Siku moja ya Mei, Justine alikuwa amesimama uani akitazama mabwawa mapya, akasema, "Baba Nelly, hapa pana jua sana." Methusela akamjibu, "Wewe shughulika na maparachichi yako." Justine akaenda kushughulika na maparachichi yake.

Tabea alisoma daftari juu ya bega la mumewe.

"Umenisahau mimi," alisema.

Methusela alimtazama. "Wewe humwaga wapi maji ya kufulia?"

"Unataka kuniandika kweli?"

"Nauliza tu."

"Na mimi nakuuliza. Jumanne ulisema unakwenda kukoroga bwawa. Ulirudi unanuka pombe ya ulanzi. Ulikoroga nini?"

Methusela alifunga daftari. Upelelezi una mipaka yake.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda ibada ya pili, alimwaga majivu kuzunguka bwawa la kwanza. Aliyasawazisha kwa ubao, yakawa laini kama unga. Waliporudi kutoka kanisani, saa saba mchana, majivu yalikuwa yamekanyagwa.

Zilikuwa nyayo za mabuti ya mpira. La kushoto lilikuwa na kisigino kilichokatika. Katika Yakobi nzima, mtu mwenye buti la namna hiyo alikuwa mmoja. Na mtu huyo huhudhuria ibada ya kwanza.

Juu ya paa la nailoni, Methusela alikuta kitu kingine. Ulikuwa uzi mweusi, mrefu kama mkono, umenasa kwenye mti wa paa. Methusela alikuwa Mlutheri wa kizazi cha tatu, na hakuamini uchawi hata kidogo. Hata hivyo aliushika uzi ule kwa kijiti. Akautia kwenye bahasha, na bahasha akaiweka nje.

"Ni Justine," alimwambia mkewe.

"Kwa nini Justine akuharibie bwawa?"

"Kijicho."

"Mbona bwawa la pili hajaligusa?"

"Huo ndio ujanja wenyewe. Anaacha moja ili tusimshuku."

Tabea alitikisa kichwa. Hakukubali. Lakini kuanzia siku ile, alipokwenda kuchota maji, alipita njia ya nyuma ili asikutane na Justine. Shaka ni kama moshi wa jikoni. Hata usipoupuliza wewe, nguo zako zitanuka.

Jumatatu Methusela alichukua hatua mbili kubwa.

Hatua ya kwanza, alitoa paa la nailoni kwenye bwawa la kwanza. Badala yake akaweka bati za plastiki za kijani, zile zinazopitisha mwanga. Aliona faida mbili. Justine asingeweza kuchungulia. Na tena, mwani uliopoteza ukijani ungerudishiwa ukijani wake. Alisimama chini ya bati hizo, akaona maji yote yamekuwa kijani kizuri. Mikono yake pia ilikuwa kijani. Hilo la mikono hakulipa uzito.

Hatua ya pili, alikwenda kwa Mzee Brayson.

"Mwenyekiti, Alhamisi kwenye jumuiya naomba nafasi. Nina jambo la kumtaja mtu."

"Kumtaja kwa wema?"

"Hapana."

Mzee Brayson alikuna kidevu. "Alhamisi hii tuna mipango ya kipaimara. Subiri Alhamisi ijayo. Lakini fikiri vizuri, Baba Nelly. Jina la mtu ukilitoa kwenye jumuiya, halirudi kama lilivyotoka."

"Na langu je? Likitangazwa Makambako, litarudi?"

Mzee huyo alichukua karatasi. Akaandika ombi lake.

Jumatano, saa nne asubuhi, mtu alibisha hodi. Alikuwa Bi Esha. Alikuwa amekuja siku mbili kabla.

"Si ulisema Ijumaa?" Tabea aliuliza.

"Mtu ukimwambia siku ya kuja, anafagia," Bi Esha alijibu, kisha akasalimia. "Kamwene, Mama Nelly. Ghala lenu liko wapi?"

Alikagua ghala. Alikagua jiko. Alinusa debe la unga wa mahindi, akauliza kwa nini limepungua. Tabea akamwambia kwamba limepungua kwa sababu watu wa nyumba hiyo hula. Bi Esha akasema sawa, lakini alilipima debe kwa mkono.

Kisha akafika kwenye bwawa la kwanza. Akachota maji kwa glasi, akatoka nayo nje ya bati za kijani. Juani, maji yalikuwa ya manjano mepesi. Mwani ulikuwa mchache kuliko siku ile ya majivu.

"Naona," alisema Bi Esha. "Hapa hakuna cha kuchanganya. Hapa hakuna kitu kabisa."

"Kuna mtu ananiharibia," alisema Methusela. "Ushahidi ninao."

"Ulete."

Methusela alileta bahasha. Akaeleza habari ya nyayo. Alimtaja Justine kwa sauti, na ua ulikuwa wa matete. Justine, aliyekuwa akimwagilia miche yake, aliweka ndoo chini. Akaingia kwa mlango wa mbele kama watu wengine, akiwa na mabuti yake miguuni.

"Nimeitwa?" aliuliza.

Wote wanne walitazama kisigino cha kushoto.

"Jumapili uliingia hapa," Methusela alisema.

"Niliingia."

"Na Jumapili iliyotangulia?"

"Pia. Na Alhamisi ile mliyokwenda msibani."

Methusela alimgeukia Bi Esha kwa heshima kubwa, kama wakili aliyemaliza kesi.

"Ulikuja kufanya nini?" Bi Esha aliuliza.

"Kulifunika bwawa. Lilikuwa linaungua." Justine alichukua ule uzi mweusi kwa vidole vyake, bila kijiti. "Huu ni uzi wa neti yangu ya kivuli, ya kitalu. Niliitandaza juu ya paa saa tano, nikaitoa kabla hawajarudi. Nina neti moja tu, na miche inaihitaji."

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Tabea.

"Niliambiwa nishughulike na maparachichi yangu."

Kuku alipita. Methusela alimfuata kwa macho mpaka akaishia nyuma ya banda.

"Baba Nelly," Justine alisema, "ile semina ya mjini ilikuwa ya siku ngapi?"

"Mbili."

"Ulikuja ngapi?"

Methusela aliendelea kumtafuta kuku. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza walifundishwa kujenga bwawa. Alielewa vizuri sana. Akaamua kwamba siku ya pili ni ya wale ambao hawakuelewa siku ya kwanza.

"Siku ya pili ilikuwa ya mwanga," alisema Justine. "Mimi nilikaa mpaka mwisho. Bwawa sikujenga, lakini maneno niliyashika, kwa sababu hata miche yangu inaishi kwa mwanga. Mama Nelly, nikuulize. Mvua ikiwa ya manyunyu, unafanyaje ili upate maji?"

"Natoa ndoo zote na masufuria, nakinga chini ya bati."

"Ikimwagika mvua kubwa?"

"Naingiza vyombo ndani. Ndoo moja tu inajaa upesi."

"Ndivyo mwani unavyofanya. Mwanga ndio chakula chake. Rangi yake ndiyo ndoo zake za kukingia mwanga. Juni na Julai mwanga ulikuwa haba. Mwani ukatoa ndoo zote, ukawa kijani kizito. Sasa jua limekuja kama mafuriko. Mwani unaingiza ndoo ndani, rangi inapungua. Jua likizidi hata hapo, mwani unaungua. Unatoa ute kama bamia. Ndani yake protini inapungua, wanga unaongezeka. Kwa hiyo hata ukipata unga, si ule wa Julai."

Bi Esha alikunja uso. "Unataka kusema hakuchanganya mahindi?"

"Jua ndilo lililochanganya."

"Na bwawa la pili?"

"Lina kivuli cha mikaratusi kuanzia saa tano. Lina bahati kuliko mwenye bwawa."

Methusela alikohoa. "Mbona jua la asubuhi si kali?"

"Asubuhi ya Njombe maji ni ya baridi. Mwani bado umelala. Jua likiupiga ukiwa na baridi, unaumia zaidi. Na wewe ulivuna sana, Baba Nelly. Uliobaki ulikuwa mchache, ukapokea jua la wengi."

"Basi sasa nimeufunika," alisema Methusela akionyesha bati zake. "Tena kwa kijani. Nimeurudishia rangi yake."

Justine alizitazama bati hizo kwa huruma.

"Jani unaliona kijani kwa sababu kijani ndicho linachokitema. Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake, kama upinde wa mvua. Jani linakula zaidi nyekundu na bluu. Wewe umeuletea mwani kile unachokitema, na nyekundu ukaizuia juu ya paa. Ulikuwa umeungua. Sasa una njaa."

Tabea alimtazama mumewe. Mumewe alitazama bati.

"Maneno mazuri," alisema Bi Esha. "Lakini hata maneno huchanganywa. Ninyi ni majirani. Nitajuaje kama hamjapanga?"

"Hatujazungumza tangu Mei," alisema Methusela.

"Hivyo ndivyo wanavyosema waliopanga."

Ikabidi yafanyike majaribio. Tabea alileta chupa tano za maji, safi, za ukubwa mmoja. Justine alileta karatasi za nailoni za rangi, zile za kufungia zawadi, zilizobaki kwenye kipaimara cha mwanawe Remmy. Walichota mwani wa bwawa la pili, wakatia kiasi kilekile katika kila chupa. Chupa moja ilivikwa nyekundu, ya pili bluu, ya tatu kijani. Ya nne iliachwa wazi. Hizo nne zingekaa chini ya kipande cha neti ya Justine. Ya tano, wazi pia, ingekaa kwenye jua kali.

"Hiki si kipimo cha maabara," Justine alisema. "Karatasi hizi hazilingani unene. Lakini kitu tutakiona."

Bi Esha alifunga mdomo wa kila chupa kwa kitambaa, ili hewa ipite. Akakaza kwa uzi, akafunga fundo lake mwenyewe ambalo alisema hakuna mtu Njombe anayelijua. Akaagiza chupa zikae mbele ya baraza la Mzee Brayson, mahali pasipo na upande. Akasema atarudi baada ya siku nane.

Ndipo ulipoanza ulinzi. Chupa zilihitaji kutikiswa mara kadhaa kwa siku, ili mwani usilale chini. Methusela hakumwamini Justine kuzitikisa. Justine hakumwamini Methusela. Kwa hiyo walikuja wote, kila siku, na kila mmoja na kigoda chake. Mzee Brayson alikaa katikati. Bata wake walikaa mbali, kwa amri ya Methusela.

Siku ya kwanza hawakusemezana. Siku ya pili Methusela aliuliza saa. Siku ya tatu Justine alileta viazi vya kuchemsha, akamega, akala kwanza yeye ili ionekane. Methusela akala.

"Nadhani kijani itakuwa ya mwisho," alisema Justine.

"Mimi nadhani itashinda," alisema Methusela. Lakini alisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa tayari chupa ya kijani ilikuwa inamsaliti.

Siku ya tano alimuuliza Justine jinsi anavyoizoeza miche jua kabla ya kuiuza. Justine akamweleza. Saa mbili zilipita. Walipokumbuka chupa, Mzee Brayson ndiye aliyekuwa akizitikisa.

Alhamisi asubuhi, siku ya nane, Bi Esha alirudi. Alikagua mafundo yake moja baada ya jingine. Yote yalikuwa salama. Alionekana kusikitika kidogo. Kisha wakachuja kila chupa kwenye kitambaa chake cheupe, wakavipanga vitambaa juu ya meza.

Chupa ya jua kali ilitoa ute wa manjano uliovutika kama bamia. Bi Esha aliunusa, akaweka karibu yake mfuko ule wa Ijumaa, ambao Methusela alikuwa ameuleta. Rangi ilikuwa moja. Mfuko akauacha hapohapo.

Chupa nyekundu ilitoa mwani mwingi kuliko zote. Ile ya wazi chini ya neti ilifuata, kwa tofauti ndogo. Ya kijani ilitoa mchache. Ya bluu ilitoa mchache zaidi, lakini rangi yake ilikuwa nzito, kijani cha kuelekea bluu, ikapenya hadi upande wa pili wa kitambaa.

"Nimekosea," alisema Justine. "Kijani haikuwa ya mwisho. Ya mwisho ni bluu."

"Kwa nini?" Methusela aliuliza.

"Mwani huu si jani kamili. Una rangi nyingine ya bluu ndani yake, inayodaka sehemu ya mwanga ambao majani huukosa. Labda ndiyo maana chini ya kijani umejitahidi kidogo. Hiyo ya bluu, kwa nini inakua polepole lakini inajaza rangi, sijui vizuri. Nitamuuliza aliyetufundisha."

Bi Esha alimtazama Justine kwa muda. Ni dhahiri kwamba mtu anayesema "sijui" hakuwa amepanga chochote. Hapo ndipo alipokunjua uso.

"Kwa hiyo nipake paa rangi nyekundu?" aliuliza Methusela.

"Hapana. Tazama hii ya wazi chini ya neti. Imekaribia nyekundu, na rangi yake ni nzuri. Jua lina rangi zote bure. Wewe lipime tu."

Bi Esha alimgeukia Methusela. "Mzee Methusela, nilisema unachanganya. Nilikosea. Lakini unga wa manjano siuchukui."

"Usiuchukue," alisema Methusela. "Hata mimi siuzi."

Alasiri hiyo jumuiya ilikutana hapohapo barazani. Waliimba, wakasoma, wakaomba. Kisha Mzee Brayson akafungua karatasi yake. Akasema Baba Nelly aliomba nafasi ya kumtaja mtu. Watu waliacha kutafuna. Justine alikaa wima. Hakuwa ameambiwa habari ya ombi hilo, lakini hakuwa mtoto. Alijua ni nani aliyetakiwa kutajwa.

Methusela alisimama. Angeweza kusema kwamba jambo limekwisha. Aliwaza hivyo kwa kitambo kizima.

"Bwawa langu liliharibika," alisema. "Nikatafuta nani ameliharibu. Niliandika daftari. Nilimwaga majivu. Nilikuja hapa nikamwambia mwenyekiti kwamba nitamtaja Justine. Sasa natoa jina sahihi. Aliyeharibu ni mimi. Justine aliingia kwangu mara tatu, kuniokoa, bila kuniambia, kwa kuwa nilimfunga mdomo. Justine, nakuomba radhi mbele ya hawa."

Kisha Justine akauliza, "Na mimi nilikuwa namba ngapi kwenye daftari?"

"Ya nne."

"Baada ya nani?"

"Baada ya bata."

Justine alianza kucheka, na jumuiya nzima ikamfuata. Mzee Brayson alisema kwamba, kwa upande wa bata, yeye anasubiri radhi ya peke yake.

Kesho yake Methusela alizitoa bati za kijani. Alirudisha nailoni angavu, akanunua neti ya kivuli. Bwawa la kwanza alilisafisha, akalianzisha upya kwa mwani wa bwawa la pili. Justine alimtengenezea kipimo: kijiti chenye alama za sentimita, na kifuniko cheupe cha plastiki kikiwa kimepigiliwa msumari mwishoni. Methusela alikitumbukiza majini polepole. Kifuniko kikipotea machoni kabla ya sentimita tatu, mwani ni mzito, anavuna sehemu. Kikionekana hata kikipita sentimita tano, mwani ni mchache, hauguswi, na neti inakaa juu. Asubuhi neti ilibaki mpaka maji yapate joto. Mwani ulipokuwa mzito, alipunguza kivuli. Jua lilipokuwa kali katikati ya mchana, alikirudisha. Siku za ukungu hakuweka kivuli kabisa. Na alikoroga kila siku, hata Jumanne.

Mwishoni mwa Oktoba alipeleka Makambako mifuko mitatu. Tabea na Justine walifuatana naye. Dukani walikuwepo wanawake wawili wakisubiri unga wa lishe, mmoja na mtoto mgongoni. Bi Esha alitia unga kidogo kwenye glasi ya maji, akaishika mlangoni kama kawaida yake. Maji yaligeuka kijani kizito. Aliwapa wanawake wale glasi waitazame.

"Wa nani huu?" aliuliza yule mwenye mtoto.

Bi Esha hakumjibu kwa mdomo. Alichukua kalamu nene ya wino, akaandika kwenye mfuko wa kwanza, kwa herufi kubwa: METHUSELA, YAKOBI.

"Andika na Justine," alisema Methusela.

"Hakuna nafasi. Herufi zako zimejaza."

Methusela aliushika mfuko, akaugeuza.

"Upande huu uko wazi," alisema.